Chifu Adam Sapi na kiti cha Spika



Hapa Haydom ninapofundisha elimu ya dini, ukiwauliza vijana mihimili ya dola watakutajia upesi: Serikali, Bunge na Mahakama. Ukiwauliza kwa nini imetenganishwa, wanatazamana. Nimeona njia nyepesi ya kuwajibu ni kuwasimulia maisha ya marehemu Chifu Adam Sapi Mkwawa, Mwafrika wa kwanza kuwa Spika wa Bunge letu.

Alikuwa mjukuu wa Mtwa Mkwawa aliyepigana na Wajerumani hadi kufa kwake mwaka 1898. Adam Sapi alishika uchifu wa Wahehe mwaka 1940. Chini ya Waingereza, chifu alisimamia kodi na kutoa amri, na aliyekaidi alihukumiwa katika baraza la chifu huyohuyo. Mtoa amri ndiye aliyekuwa mwamuzi. Huko juu nako kulikuwa vivyo hivyo. Baraza la Kutunga Sheria, ambalo Adam Sapi aliingia miaka ya 1940, liliongozwa na Gavana mwenyewe hadi mwaka 1953 alipowekwa Spika.

Mwaka 1954, pale Kalenga, Gavana Twining alimkabidhi fuvu la babu yake lililorejeshwa kutoka Ujerumani. Mwaka 1962 akapokea kiti cha Spika kutoka kwa Abdulkarim Karimjee, na mwaka 1963 uchifu ukafutwa kisheria nchi nzima. Hebu tafakari: mtu aliyetoa amri na kuhukumu kwao, sasa kazi yake ni kusimamia mjadala wa wengine. Spika hatozi kodi wala hahukumu mtu.

Alikikalia kiti hicho hadi 1973, akarudi tena kuanzia 1975 hadi 1994. Kwa miaka mingi kiti kilikuwa na heshima kuliko nguvu. Mwaka 1968 TANU iliwafukuza wabunge kadhaa, akiwemo Kasella-Bantu, na ubunge wao ukaisha hapohapo. Mwaka 1975 Katiba ikatamka kuwa chama kiko juu ya vyombo vyote vya dola. Mihimili ilihesabiwa mitatu, lakini rungu lilikuwa moja.

Mambo yalianza kubadilika vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992. Desemba mwaka huo Zanzibar ikajiunga na OIC. Mwaka 1993 kamati ya Bunge chini ya Philip Marmo, mbunge wa huku kwetu Mbulu, ikaona kuwa Katiba imevunjwa, na Agosti Zanzibar ikajitoa. Agosti hiyohiyo Bunge likapitisha hoja ya wabunge 55 waliotaka Serikali ya Tanganyika, jambo lililopingana na sera ya chama chao wenyewe. Aliyekuwa kwenye kiti ni yule yule Adam Sapi.

Najua suala la OIC liliwaumiza Waislamu wengi, nami ni mmoja wao. Lakini tusichanganye uchungu wa uamuzi na haki ya Bunge kuhoji. Bunge lililoweza kuhoji wakati wa Rais Mwinyi, Muislamu mwenzetu, ndilo tunalolihitaji lihoji chini ya Rais yeyote pale Muislamu anapowekwa mahabusu muda mrefu kesi yake haisikilizwi. Tukitaka Bunge linyamaze kwa sababu mkubwa ni wetu, litakuwa limezoea kunyamaza siku mkubwa si wetu.

Wala jambo hili si geni kwetu. Sayyidna Umar (R.A.), dola ya Kiislamu ilipopanuka, aliteua makadhi katika miji mikubwa ili hukumu isibaki mikononi mwa magavana peke yao. Naye alikuwa mwadilifu. Je, sisi tulio chini yake?

Chifu Adam Sapi alifariki mwaka 1999. Uchifu wake ulifutwa kwa sheria moja tu, lakini kiti alichokikalia bado kipo. Ni juu yetu kudai kiwe na nguvu, hata pale kitakapotuudhi.

Wabillahi tawfiq.