JOSEPH NIIJIMA: MWANAFUNZI ALIYENGOJA BANDARINI

Vijana wetu wengi wamemaliza masomo yanayopatikana hapa, nao wamekaa tu, hawajui ni mlango upi utafunguka. Kwa ajili yao na wazazi wao, katika toleo hili tunasimulia maisha ya Joseph Niijima wa Japani.

Niijima alizaliwa tarehe 12 Februari 1843 katika jiji la Edo, ambalo leo ni Tokyo. Ukoo wake ulikuwa wa samurai, yaani watu wa upanga waliomtumikia mtawala wa jimbo lao. Siku zile Ukristo ulikatazwa kabisa Japani, na aliyetoka nchini bila ruhusa aliweza kuuawa. Lakini kijana huyu alikuwa amesoma maandiko ya Kichina yaliyoeleza habari za Mungu Muumba, na moyo wake haukutulia tena.

Mwaka 1864, akiwa na miaka 21, alipanda kwa siri usiku meli ya Kimarekani katika bandari ya Hakodate. Huko Shanghai alihamia meli nyingine iliyoitwa Wild Rover, akawa mtumishi wa nahodha Horace Taylor, ambaye alimwita Joe. Walipofika Hong Kong alimwuzia nahodha upanga wake mfupi kwa dola 8 ili anunue Agano Jipya la Kichina. Kwa samurai, upanga ni heshima yake yote. Yeye aliuachia mkono kwa sababu ya Neno.

Safari ilichukua mwaka mzima. Mwezi Julai 1865 meli ilitia nanga Boston, Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha mwaka huohuo, na vitu vilikuwa ghali sana. Nahodha alikwenda kwake, Niijima akaachwa melini kulinda na kufanya kazi ngumu. Watu wa bandarini walimwambia kwamba hakuna atakayempokea. Alikaa hivyo yapata majuma 10. Shule aliyoifuata kwa hatari ya maisha yake ilikuwa nchi kavu, mbele ya macho yake, lakini hakuwa na njia ya kuifikia. Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Alinunua kitabu cha Robinson Crusoe, akajifunza kwa kukisoma, na usiku aliomba asiachwe apotee.

Mwenye meli, Alpheus Hardy, alipopata habari zake alimtaka aandike sababu ya kuikimbia nchi yake. Niijima aliandika kwa Kiingereza kilichovunjika, bila kupamba neno. Hardy na mke wake waliposoma, walimchukua kama mtoto wao. Mwezi Oktoba 1865 aliingia shule ya Phillips Academy mjini Andover. Mwaka 1866 alibatizwa, na mwaka 1870 alihitimu Amherst College. Alisoma pia theolojia, akawekewa mikono mwaka 1874.

Kabla ya kurudi kwao, aliomba msaada mbele ya mkutano wa wamisionari mjini Rutland ili ajenge shule ya Kikristo Japani. Kati ya waliotoa, mkulima mmoja mzee alimpa dola 2 zilizokuwa nauli yake ya kurudi nyumbani. Tarehe 29 Novemba 1875 Niijima alifungua shule mjini Kyoto akiwa na wanafunzi 8 tu. Leo ni chuo kikuu cha Doshisha. Alifariki tarehe 23 Januari 1890, akiwa na miaka 46.

Ndugu zetu, hatusemi kwamba kila anayengoja atampata Hardy wake. Wengine tumengoja miaka mingi kuliko majuma 10. Lakini tuone kwamba Niijima hakuanza kusoma siku alipoingia darasani. Alianza melini, akiwa na kitabu kimoja na kazi ya mikono. Siku alipoulizwa habari zake, aliweza kuzieleza kwa kweli.

Tena tusimsahau yule mkulima. Hata sisi tusio na kitu tunaweza kumfungulia mtoto wa jirani mlango: kumwazima daftari, kumpa nafasi penye taa, kumfundisha lugha ya hapa. Bwana awatie nguvu vijana wetu wanaongoja, na atufanye sisi wazazi kuwa watu wa kupokea. Amina.