Habari za Henry Dunant, Aliyewatetea Wachukuao Wagonjwa

Wasomaji wetu wa Kibondo na Kasulu walijua gari la wagonjwa, na wazee wao waijua machela, ile ambayo Warundi huiita ingobyi. Kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena mwezi wa Oktoba 1015 + 1000, yaani mwaka 2015, ili kuwapokea wakimbizi wa Burundi, kazi ya kuwachukua wagonjwa iliongezeka sana katika nchi yetu ya milima. Kazi hiyo ina hatari yake. Mchukuzi huingia penye kilio na hofu. Pengine mgonjwa aliyepotewa na akili humpiga, pengine jamaa humkamata kwa hasira kwa kuwa amekawia. Basi tumeona vema kuwasimulia maisha ya mtu aliyeyatazama mambo hayo zamani, akayatafutia dawa.

Henry Dunant alizaliwa katika mji wa Geneva, Uswisi, tarehe 8 Mei 1828. Wazazi wake walikuwa Wakristo wenye huruma, nao walimzoeza tangu utoto kuwajali maskini na wagonjwa. Alipokuwa mtu mzima akawa mfanyi biashara, akapata mashamba na kinu huko Algeria. Mwaka 1859 alisafiri mpaka Italia ya kaskazini kumtafuta Kaisari Napoleon wa Tatu kwa shauri la biashara hiyo. Hakuwa daktari wala askari.

Tarehe 24 Juni mwaka ule majeshi ya Ufaransa na Sardinia yalipigana na jeshi la Austria karibu na kijiji cha Solferino. Watu yapata 40,000 waliuawa au kujeruhiwa kwa siku moja. Majeruhi wakaletwa kwa maelfu katika mji mdogo wa Castiglione, wakalazwa makanisani, majumbani na njiani juu ya majani makavu, na madaktari walikuwa wachache mno. Dunant akawakusanya wanawake na vijana wa mji, akawapa kazi ya kuleta maji, kuosha vidonda na kufunga vitambaa.

Hapo ndipo alipojifunza jinsi hasira ya mgonjwa inavyozaliwa. Sajini mmoja mzee alimlaumu kwa uchungu kwamba angalitazamwa mapema angalipona. Na jioni yake akafa. Dunant hakushindana naye. Aliona ya kuwa maumivu na kungoja bila kujua neno lo lote humfanya mtu kuwa mkali. Kwa hiyo aliketi karibu na majeruhi, akawanywesha maji, akawagawia tumbako, akawaandikia barua kwa wazazi wao. Wanawake wa Castiglione nao walipoona habagui taifa, wakamfuata, wakawatunza hata maadui, wakisema kwamba wote ni ndugu. Tena aliwaombea madaktari wa Austria waliotekwa, nao wakafunguliwa ili watibu.

Mwaka 1862 akaandika kitabu juu ya mambo aliyoyaona Solferino. Katika kitabu hicho aliomba mambo mawili: kila nchi iwe na chama cha watu waliofundishwa mapema kuwatunza majeruhi, na mataifa yafanye mapatano ya kuwalinda watu hao. Mwaka 1863 yeye na wenzake wanne wakaanzisha halmashauri iliyokuja kuitwa ya Msalaba Mwekundu. Siku zile kila jeshi lilikuwa na bendera yake ya hospitali: Austria nyeupe, Ufaransa nyekundu, Hispania ya njano, wengi hawakuzijua, na hema za majeruhi zikapigwa. Tarehe 22 Agosti 1864 mataifa 12 yakapatana huko Geneva kwamba hospitali, magari ya majeruhi na wahudumu wao wasiguswe, wala raia awasaidiaye asidhuriwe, na alama iwe moja kwa wote, msalaba mwekundu katika nguo nyeupe.

Baada ya heshima hiyo yakaja mashaka. Mwaka 1867 biashara yake ilianguka, akawa na madeni makubwa, akatoka katika halmashauri, akatangatanga miaka mingi katika umaskini. Mwaka 1887 akafika kijiji cha Heiden, na mwaka 1892 akapewa chumba hospitalini. Mwandishi wa gazeti alimvumbua huko mwaka 1895, na mwaka 1901 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, ya kwanza kabisa, pamoja na Frédéric Passy. Akafa tarehe 30 Oktoba 1910, akiwa ameacha fedha za kitanda kimoja cha bure kwa maskini wa Heiden.

Walakini alama peke yake si ngome. Tarehe 14 Aprili 1994, mjini Kigali, wanamgambo walilisimamisha gari la Msalaba Mwekundu, wakawatoa majeruhi sita, wakawaua. Maana redio ilikuwa imetangaza uongo kwamba gari lilibeba maadui waliojifanya majeruhi. Halmashauri ikayasimamisha magari, ikaieleza dunia habari hiyo. Ndipo redio ikawatangazia watu kwamba Msalaba Mwekundu uheshimiwe, na magari yakapita tena. Neno la uongo liliua, na neno la kweli lilifungua njia.

Kwa hiyo, ninyi walimu wa sharika, msingojee siku ya msiba. Wafundisheni watu mapema kazi ya gari la wagonjwa, ya kuwa halichagui kabila wala taifa. Likifika, kundi lisogee nyuma, silaha na fimbo ziwekwe mbali, na ndugu mmoja mtulivu aseme kwa niaba ya jamaa wote. Mchukuzi naye na aseme jina lake, aeleze atakalofanya kabla ya kumgusa mgonjwa, na akiona hatari ajitenge, aite msaada. Mwenye lalamiko na alipeleke kwa wakuu baadaye, mgonjwa akiisha kufika hospitali. Maana mkono ukimpiga mchukuzi leo, kesho kijiji kitamngoja asije.