Donella Meadows

Donella Hager Meadows (13 Machi 1941 – 20 Februari 2001) alikuwa mwanasayansi wa mazingira, mwalimu na mwandishi kutoka Marekani. Anajulikana hasa kama mwandishi mkuu wa kitabu The Limits to Growth, yaani mipaka ya ukuaji, kilichotolewa mwaka 1972.

Maisha

Alizaliwa Elgin, jimbo la Illinois. Alisoma kemia katika Chuo cha Carleton, akapata shahada ya uzamivu ya biofizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1968. Kuanzia mwaka 1972 alifundisha katika Chuo cha Dartmouth. Alifariki kwa homa ya uti wa mgongo.

Modeli ya dunia

Klabu ya Roma iliomba uchunguzi juu ya hali ya baadaye ya dunia. Watafiti wa chuo cha MIT, wakiongozwa na mume wake Dennis Meadows, walitengeneza modeli ya kompyuta iliyoitwa World3. Iliunganisha idadi ya watu, chakula, viwanda, uchafuzi wa mazingira na rasilimali zisizojirudisha, tangu mwaka 1900 hadi 2100.

Wengi walidhani kitabu kilitabiri mwisho wa dunia. Kwa kweli kililinganisha njia mbalimbali. Ukuaji ukiendelea bila mabadiliko, ungefika kikomo ndani ya miaka 100 na kufuatiwa na anguko. Hatua zikichukuliwa mapema, anguko lingeweza kuepukwa. Hatari kubwa ilikuwa kuchelewa, kwa sababu madhara hujitokeza mbali na chanzo chake. Hali ya namna hiyo iko pia Tanzania: maji ya bonde la Usangu hulimia mpunga sehemu kama Ubaruku, lakini upungufu huonekana chini zaidi, katika Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi.

Ukosoaji

Wachumi walisema modeli ilidharau nafasi ya teknolojia na bei. Tena iliichukua dunia nzima kama kitu kimoja, hivyo tofauti kati ya Afrika na Ulaya haikuonekana. Mwaka 1976 kundi la Amílcar Herrera wa Argentina lilitoa modeli nyingine, likidai kwamba kikwazo kikuu ni ukosefu wa usawa, si uhaba wa mali asili.

Urithi

Meadows na wenzake walirudia hesabu zao katika kitabu cha mwaka 1992. Toleo lingine lilitoka mwaka 2004. Kitabu chake juu ya kuelewa mifumo kilichapishwa mwaka 2008, miaka saba baada ya kifo chake.