Alan Blumlein: maisha ya mhandisi aliyebuni sauti ya sterio

Amplifaya kuukuu ya sterio inapofikishwa kwa fundi wa redio mjini Kampala, mara nyingi huja na lalamiko moja: upande mmoja umenyamaza. Fundi mwangalifu haanzi kwa kulehemu. Huzitenga spika kwanza, kisha huweka mita mahali zilipokuwa zimeunganishwa. Bila muziki, mita inapaswa kusoma karibu na sifuri; ikisoma volti 20 au 30, spika hairudishwi, kwani umeme wa namna hiyo huunguza koili yake. Mita ikiridhisha, fundi huzima umeme na kubadilisha spika, ya kushoto ikaenda kulia na ya kulia kushoto. Spika ileile ikiendelea kunyamaza, ugonjwa ni wake au wa waya wake. Ikinyamaza ile nyingine, ugonjwa umo ndani ya sanduku.

Sanduku likifunguliwa, huonekana saketi mbili zinazofanana kama mapacha, moja ya kulia na moja ya kushoto. Pacha mzima ndiye msaidizi wa fundi: kila kipimo cha upande mbovu hulinganishwa na cha upande wa pili, mpaka ipatikane transista iliyoungua au kapasita iliyovimba. Aliyebuni mpango huo wa sauti mbili, na aliyebuni pia saketi ambayo fundi huikuta mwanzoni mwa njia ya sauti katika amplifaya nyingi za transista, ni mtu mmoja. Jina lake ni Alan Dower Blumlein, na wengi wanaoishi kwa kazi yake hawajapata kulisikia.

Blumlein alizaliwa London tarehe 29 Juni 1903. Baba yake, Semmy, alikuwa mhandisi wa migodi mzaliwa wa Ujerumani aliyechukua uraia wa Uingereza. Mama yake, Jessie Dower, alikuwa binti wa mmisionari wa Kiskoti aliyefanya kazi Afrika Kusini. Inasimuliwa kuwa akiwa na umri wa miaka saba, mtoto huyo alitengeneza kengele ya mlango wa nyumbani iliyoharibika, kisha akamkabidhi baba yake ankara ya malipo, akijitambulisha humo kuwa ni mhandisi wa umeme. Wazazi ambao watoto wao hufungua kila redio iliyomo nyumbani watamwelewa mzee Semmy. Kusoma, hata hivyo, kulimchelewa; alikaribia miaka 12 kabla ya kumudu kitabu vizuri.

Baada ya masomo ya uhandisi London, aliajiriwa mwaka 1924 katika kampuni ya vifaa vya simu, na mwaka 1929 akahamia kampuni ya santuri ya Columbia. Huko alipewa kazi ya kubuni mashine mpya ya kurekodia, ili kampuni isiendelee kulipa ada kwa Wamarekani waliomiliki hataza ya mashine iliyokuwapo. Akafaulu. Mwaka 1931 Columbia iliungana na Gramophone Company, ikazaliwa EMI.

Mwaka huohuo, kwa masimulizi ya jamaa zake, alikwenda sinema na Doreen, ambaye baadaye alikuwa mkewe. Mwigizaji alivuka kutoka upande mmoja wa pazia hadi mwingine, lakini sauti yake haikumfuata. Ilibaki ikitoka kwenye spika moja tu. Blumlein alimwambia Doreen kwamba amepata njia ya kuifanya sauti imfuate mtu. Tarehe 14 Desemba 1931 aliwasilisha maombi ya hataza. Humo alieleza jinsi maikrofoni mbili na spika mbili zinavyoweza kulihadaa sikio, na jinsi sauti mbili zinavyoweza kuchongwa katika mfereji mmoja wa santuri, kila moja kwenye ukuta wake.

Januari 1934 alirekodi kwa mfumo huo okestra iliyoongozwa na Thomas Beecham, katika studio za Abbey Road. Kisha kazi ikawekwa kando. Soko halikuwa tayari, na EMI ilikuwa ikikimbizana na televisheni. Blumlein alikuwa miongoni mwa waliojenga mfumo wa mistari 405 ambao BBC ilianza kuutumia mwaka 1936.

Mwaka 1936 ndipo alipobuni ile saketi ya mwanzoni mwa njia ya sauti. Wakati ule ilitumia valvu mbili za kioo zinazogawana mkondo mmoja wa umeme. Saketi hukuza tofauti kati ya mawimbi mawili yanayoingia, na hupuuza yale yaliyo sawa kwa yote mawili, kwa mfano kelele inayodandia waya. Katika amplifaya za leo transista moja hupokea muziki unaoingia, na mwenzake hupokea kipande cha kinachotoka, ili kasoro isahihishwe papo hapo. Mmoja wa wawili hao akifa, mizani huvunjika, na ndipo mita ya fundi husoma volti nyingi pasipotakiwa.

Vita vilipokuja, Blumlein aliingizwa katika kazi ya siri ya rada ya H2S, iliyowawezesha marubani kuiona ardhi usiku au kupitia mawingu. Tarehe 7 Juni 1942 alipanda ndege ya Halifax iliyokuwa ikifanyia majaribio chombo hicho. Injini moja ilishika moto, na ndege ikaanguka karibu na kijiji cha Welsh Bicknor. Watu wote 11 walifariki. Yeye alikuwa na umri wa miaka 38, baba wa wavulana wawili, na mwenye hataza 128.

Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa nati moja ya valvu ya injini, ambayo haikukazwa ipasavyo wakati wa matengenezo. Kwa sababu ya siri ya rada, kifo chake hakikutangazwa kwa takriban miaka mitatu. Santuri za sterio ziliingia madukani kwa wingi mwaka 1958, bila jina lake kutajwa sana. Mwaka 2017, miaka 75 baada ya ajali, alipewa tuzo ya Grammy ya ufundi.

Kwenye meza ya fundi wa Kampala, kazi hufikia ukingoni kwa skrubu. Transista mpya ikishalehemiwa hubanwa kwenye bamba la alumini linalopoza joto. Ikiachwa imelegea, joto hukosa pa kwenda na transista huungua tena. Fundi hupima zile volti kwa mara ya mwisho, huzirudisha spika zote mbili, kisha huweka wimbo.