Walter Rodney

Walter Anthony Rodney (Georgetown, 23 Machi 1942 – Georgetown, 13 Juni 1980) alikuwa mwanahistoria, mwalimu na mwanasiasa kutoka nchi ya Guyana, Amerika Kusini. Anajulikana hasa kwa kitabu chake How Europe Underdeveloped Africa, alichokiandika alipokuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Tanzania.

Jina lake linahusishwa pia na historia ya uhuru wa kujieleza vyuoni. Jamaika ilimfungia mlango kwa sababu ya mihadhara yake. Nchini Tanzania aliandika katika Cheche, jarida la wanafunzi lililopigwa marufuku mwaka 1970. Nchini kwake Guyana aliuawa kwa bomu akiwa kiongozi wa upinzani.

Maisha ya awali na elimu

Rodney alizaliwa katika familia ya wafanyakazi wa Georgetown, wakati Guyana ilipokuwa bado koloni la Uingereza. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na mama yake pia alishona nguo. Mwaka 1953 alipata nafasi ya kusoma kwa ufadhili katika Queen's College, shule ya sekondari ya wavulana iliyoheshimika kuliko zote nchini. Huko alijulikana kwa riadha na kwa midahalo.

Mwaka 1960 alishinda ufadhili wa kuendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha West Indies, kampasi ya Mona, Jamaika. Alihitimu mwaka 1963 akiwa na shahada ya kwanza ya historia ya daraja la juu. Kisha alikwenda London, ambako alihudhuria kikundi cha kujisomea kilichoongozwa na mwandishi C. L. R. James kutoka Trinidad. Mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 24, alipata shahada ya uzamivu kwa utafiti juu ya biashara ya watumwa katika pwani ya Guinea ya Juu. Utafiti huo ulichapishwa kama kitabu mwaka 1970. Alimwoa Patricia Henry mwaka 1965, nao walijaliwa watoto watatu.

Mara ya kwanza Dar es Salaam

Rodney alianza kufundisha Dar es Salaam mwaka 1966. Wakati huo chuo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Uhusiano kati ya serikali na wanafunzi ulikuwa mgumu: tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais Julius Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300 kati yao.

Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea. Mwaka huohuo baadhi ya wanafunzi wa Mlimani walianzisha chama cha kimapinduzi cha wanafunzi wa Afrika, kilichojulikana kwa kifupi kama USARF. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni, baadaye rais wa Uganda. Wanachama walitoka nchi mbalimbali za Afrika, na Rodney alikuwa miongoni mwa walimu waliokuwa karibu nao.

Kufukuzwa Jamaika

Mwanzoni mwa mwaka 1968 Rodney alirudi Mona akiwa mhadhiri. Hakufundisha chuoni tu, bali alikwenda pia katika mitaa ya maskini ya Kingston kuzungumza na vijana na Warastafari juu ya historia ya Afrika. Serikali ya Waziri Mkuu Hugh Shearer iliona mihadhara hiyo kuwa hatari. Mwaka huohuo ilikuwa imepiga marufuku vitabu vya Malcolm X na Stokely Carmichael.

Oktoba 1968 Rodney alihudhuria mkutano wa waandishi weusi mjini Montreal, Kanada. Aliporudi tarehe 15 Oktoba alizuiwa kushuka kutoka kwenye ndege. Kesho yake wanafunzi wa Mona waliandamana kuelekea mjini, nao wakapigwa mabomu ya machozi na polisi. Wakazi wa Kingston walijiunga nao, ghasia zikaenea, mabasi yakachomwa na watu wakauawa. Mihadhara yake ilikusanywa katika kitabu The Groundings with My Brothers, kilichotolewa London mwaka 1969.

Jarida la Cheche

Rodney alirudi Dar es Salaam mwaka 1969. Novemba mwaka huo USARF, pamoja na tawi la chuo la Umoja wa Vijana wa TANU, walitoa toleo la kwanza la jarida lao, Cheche. Jina hilo lilifuata Iskra, gazeti la Lenin, na The Spark, gazeti la Ghana ya wakati wa Kwame Nkrumah. Yote mawili yana maana ya cheche ya moto.

Cheche lilikuwa jarida la wanafunzi wenyewe. Wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa waziri wa fedha wa Tanzania. Makala zilipigwa taipu kwenye stensili, zikarudufiwa, kisha wanafunzi wakaunganisha kurasa na kuuza nakala kwa mikono yao. Rodney hakuwa mhariri. Alichangia makala, na toleo la kwanza lilikuwa na maandishi yake juu ya wafanyakazi wa Afrika chini ya ubepari na ubeberu. Alishiriki pia katika madarasa ya itikadi ambayo USARF iliyafanya siku za Jumapili.

Desemba 1969 Rodney mwenyewe aliingia matatani. Hotuba yake kwa semina ya vijana wa Afrika Mashariki na Kati mjini Dar es Salaam, iliyowakosoa vikali viongozi wa Afrika huru, ilichapishwa katika The Nationalist, gazeti la Kiingereza la TANU. Siku mbili baadaye, tarehe 13 Desemba, tahariri ya gazeti hilohilo ilimshutumu kwamba anachochea matumizi ya nguvu dhidi ya serikali za Afrika. Wengi waliamini kwamba tahariri hiyo iliandikwa na Rais Nyerere mwenyewe. Hata hivyo, Rodney alipewa nafasi ya kujibu kwa barua gazetini, na hakufukuzwa kazini wala nchini.

Kupigwa marufuku

Septemba 1970 Cheche lilitoa toleo maalumu lenye makala moja ndefu ya Issa Shivji, aliyesoma sheria chuoni hapo. Makala hiyo, The Silent Class Struggle, ilidai kwamba kutaifisha mabenki na viwanda hakukutosha kujenga ujamaa, kwa sababu tabaka jipya la wakubwa wa serikali na mashirika ya umma lilikuwa likijitokeza, na makampuni ya nje yaliendelea kufaidika.

Novemba 1970, mwaka mmoja baada ya toleo la kwanza, serikali iliamuru USARF ivunjwe na Cheche lisichapishwe tena. Sababu zilizotolewa zilikuwa kwamba Tanzania ina itikadi yake yenyewe na haihitaji kuazima ya kigeni, kwamba jina la jarida lilionyesha nchi inafuata ujamaa wa Urusi, na kwamba Umoja wa Vijana wa TANU ulitosha kwa wanafunzi. Wahariri walitoa tamko la mwisho la kupinga uamuzi huo, kisha wakatii.

Hapakuwa na mahakama ya kukimbilia. Katiba ya muda ya mwaka 1965 haikuwa na sura ya haki za binadamu, na sheria ya magazeti iliyorekebishwa mwaka 1968 ilimpa rais mamlaka ya kufungia gazeti lolote kwa ajili ya manufaa ya umma. Haki za msingi, pamoja na uhuru wa maoni, ziliingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988.

Mjadala haukuzimika. Mwaka 1971 tawi la Umoja wa Vijana chuoni lilianza kutoa jarida lingine, MajiMaji, lililopewa jina la vita dhidi ya Wajerumani. Maoni ya Rodney juu ya makala ya Shivji yalichapishwa humo. Julai mwaka huohuo mwenyekiti wa wanafunzi, Mkenya Symonds Akivaga, aliondolewa chuoni na polisi na kurudishwa kwao baada ya barua ya wazi kwa makamu mkuu wa chuo. Wanafunzi walisusa masomo.

Kitabu chake kikuu

Mwaka 1972 Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam na Bogle-L'Ouverture ya London zilitoa How Europe Underdeveloped Africa. Rodney anaeleza kwamba umaskini wa Afrika si hali ya asili, bali ulitokana na biashara ya watumwa na ukoloni, uliohamisha nguvu kazi na mali kwenda Ulaya. Alikiandika kwa lugha nyepesi, bila wingi wa tanbihi, ili kisomwe na watu wasio wasomi wa chuo. Kitabu kimetafsiriwa katika lugha nyingi. Wapo wanahistoria wanaokikosoa kwamba hakikuzingatia vya kutosha nafasi ya watawala wa Kiafrika wenyewe.

Guyana na kifo chake

Mwaka 1974 Rodney alirudi Guyana baada ya kuteuliwa kuwa profesa wa historia katika chuo kikuu cha nchi hiyo. Uteuzi huo ulifutwa chini ya serikali ya Forbes Burnham. Hakuondoka. Aliishi kwa kuandika na kutoa mihadhara nje ya nchi, akawa mmoja wa viongozi wa Working People's Alliance, chama kilichojaribu kuwaunganisha Waguyana wenye asili ya Afrika na wenye asili ya India. Wakati huo serikali ilizuia magazeti ya wapinzani kuagiza karatasi. Chama cha Rodney kilitoa karatasi ndogo ya kurudufu iliyoitwa Dayclean.

Julai 1979 Rodney alikamatwa pamoja na wenzake baada ya ofisi za serikali kuchomwa moto. Tarehe 14 Julai, katika maandamano ya kuwaunga mkono, padre Bernard Darke, mpiga picha wa gazeti la Catholic Standard, alichomwa kisu na kufa akiwa kazini.

Kesi ilikuwa bado inaendelea Rodney alipouawa tarehe 13 Juni 1980, akiwa na umri wa miaka 38. Bomu lilikuwa limefichwa ndani ya simu ya upepo aliyopewa na Gregory Smith, sajini wa jeshi la Guyana, nalo lililipuka ndani ya gari. Ndugu yake Donald alijeruhiwa. Smith alikimbilia Guyana ya Kifaransa, ambako alifariki mwaka 2002 bila kufikishwa mahakamani. Uchunguzi wa mwaka 1988 uliita kifo hicho ajali, lakini tume iliyotoa ripoti yake mwaka 2016 ilikata shauri kwamba yalikuwa mauaji yaliyohusisha dola, na kwamba Burnham alijua.

Urithi

Kitabu chake juu ya historia ya wafanyakazi wa Guyana kilitoka mwaka 1981, baada ya kifo chake. Mwaka 1993 Guyana ilimtunukia nishani yake ya juu kabisa.

Nchini Tanzania, kisa cha jarida la wanafunzi kilihifadhiwa na Karim Hirji katika kitabu kilichotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2010, chenye kumbukumbu za waliokuwa wahariri na waandishi wake. Makala ya Shivji ilichapishwa tena kama kitabu mwaka 1973 na bado inasomwa, ingawa jarida lililoitoa kwanza lilidumu mwaka mmoja tu.