Benjamin Cardozo: jaji wa rufani aliyeamua kesi ya mabomba

Katika kipindi chetu cha sheria swali la fundi na mwenye nyumba halikauki. Nyumba imekwisha, mwenye nyumba ameshahamia, halafu inagundulika fundi ameweka kitu kisichoandikwa kwenye mkataba. Je, alipwe pesa iliyobaki au asilipwe? Leo tunamweleza mtu aliyelijibu swali hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita, naye ni Jaji Benjamin Cardozo wa Marekani.

Cardozo alizaliwa New York tarehe 24 Mei 1870, katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Ureno na Hispania. Baba yake, Albert, naye alikuwa jaji, lakini mwaka 1872 alijiuzulu kwa aibu baada ya kuandamwa na tuhuma za kuwapendelea wanasiasa wala rushwa wa mji huo. Wengi walioandika maisha ya Cardozo wanaona kwamba alitumia umri wake wote kulisafisha jina la familia. Sisi tunakubaliana nao.

Mama alifariki Benjamin akiwa bado mtoto, akalelewa na dada yake mkubwa, Ellen. Aliingia Chuo Kikuu cha Columbia akiwa na miaka 15 tu. Alisomea sheria hapo lakini hakumaliza shahada yake, na mwaka 1891 akaruhusiwa kuwa wakili. Kwa zaidi ya miaka 20 alifanya kesi za biashara, nyingi zikiwa za rufani. Hakuoa. Alikaa nyumba moja na Ellen hadi dada huyo alipofariki mwaka 1929, baada ya kuugua kwa muda mrefu huku yeye akimwuguza.

Mwaka 1914 aliapishwa kuwa jaji, na baada ya wiki chache tu akapelekwa Mahakama ya Rufani ya New York. Tufafanue kidogo, maana majina ya huko yanachanganya. Katika jimbo la New York, mahakama inayoitwa Kuu ndiyo inayosikiliza kesi mwanzo, na ya Rufani ndiyo ya juu kabisa.

Mahakama ya rufani kwa kawaida haianzi kuita mashahidi upya. Inasoma kumbukumbu za kesi, inasikiliza mawakili, kisha inaangalia kama sheria ilitumika sawasawa kule chini.

Mwaka 1917 ilimfikia kesi ya mbunifu maarufu wa mavazi, Lucy Duff-Gordon, aliyenusurika katika ajali ya meli ya Titanic. Alimpa wakala mmoja haki ya peke yake ya kuuza jina lake na ubunifu wake, faida wagawane nusu kwa nusu. Baadaye akauza jina lake kwingine kimya kimya. Aliposhtakiwa alijitetea kwamba wakala hakuahidi popote kufanya kazi yoyote, kwa hiyo hapakuwa na mkataba. Cardozo alikataa. Kama wakala asingehangaika, Lucy asingepata hata senti, hivyo ahadi ya kujitahidi ilikuwemo ndani ya makubaliano hata kama haikuandikwa.

Tuje sasa kwenye mabomba. Kampuni ya ujenzi ya Jacob & Youngs ilimjengea Bwana George Kent nyumba ya shamba kwa zaidi ya dola 77,000. Mkataba ulitaka mabomba ya chuma ya kiwanda cha Reading. Kent alihamia mwaka 1914. Machi 1915 ikajulikana kwamba mengi ya mabomba yalitoka viwanda vingine. Kosa lilikuwa la uzembe wa fundi mdogo aliyepewa kazi hiyo, si hila. Msanifu majengo aliamuru yang'olewe, na wakati huo mengi yalikuwa yameshafukiwa ndani ya kuta. Kampuni ikagoma, Kent akashikilia salio la dola 3,483 na senti kadhaa, wakaenda mahakamani.

Kule chini jaji alikataa hata kupokea ushahidi kwamba mabomba yale yalikuwa na ubora uleule. Rufani ya kwanza ikatengua uamuzi huo, na Januari 1921 Cardozo akaandika hukumu ya mwisho. Kwa kosa dogo lisilo la makusudi, mwenye nyumba anafidiwa tofauti ya thamani, si gharama ya kubomoa. Na kwa kuwa bomba kwa bomba thamani ililingana, tofauti hiyo ilikuwa karibu na sifuri. Kampuni ikalipwa.

Majaji waligawanyika wanne kwa watatu. Waliopinga walisema mtu ana haki ya kupata alichokilipia, hata kama jirani anakiona hakina maana. Hoja hiyo ina uzito, na hata Cardozo aliacha mlango wazi. Wahusika wakiandika waziwazi kwamba bila kitu fulani hakuna malipo, hilo litafuatwa, na fundi anayekiuka mkataba kwa makusudi hapati huruma hiyo.

Mwaka 1927 alikuwa mkuu wa mahakama hiyo. Mwaka 1932 Rais Herbert Hoover alimteua Mahakama Kuu ya Marekani, akakaa humo hadi alipofariki tarehe 9 Julai 1938. Kesi ya mabomba bado inafundishwa katika vyuo vya sheria vya Marekani, na wanafunzi bado wanabishana kama Bwana Kent alionewa.