Paul Mauser: Fundi aliyewapa wawindaji bunduki ya kutegemewa

FUNDI anayeunda bunduki ya kuwinda kwa agizo la mteja hukabiliwa na swali moja kabla ya kuchagua mtutu au mti wa kitako: aijenge juu ya moyo upi? Moyo wa bunduki ni ule mwili wa chuma ulio nyuma ya mtutu, pamoja na komeo linalosukumwa na kuvutwa kwa mkono ili kuingiza risasi, kufunga chemba na kutoa ganda.

Kwa zaidi ya karne moja, mafundi wengi wa Ulaya na Marekani wamelijibu swali hilo kwa kutaja jina la mtu mmoja ambaye hakuwa akiwafikiria wawindaji hata kidogo. Mtu huyo ni Paul Mauser.

Mauser alizaliwa Juni 27, 1838 katika mji mdogo wa Oberndorf, kando ya mto Neckar, katika ufalme wa Württemberg ambao leo ni sehemu ya Ujerumani. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto 13. Baba yake alikuwa fundi katika kiwanda cha silaha cha mfalme, na vijana wake walijifunza kazi humo humo. Mtoto wa mhunzi asiposana, huvukuta.

Mnamo 1859 aliitwa jeshini, akapangiwa kikosi cha mizinga mjini Ludwigsburg. Aliporejea nyumbani aliungana na kaka yake, Wilhelm, kutafuta namna ya kuiboresha bunduki ya sindano ya Prussia, iliyosifika wakati huo lakini ikivujisha moshi na moto usoni mwa mpigaji. Paul alikuwa mtu wa tupa na nyundo. Wilhelm alikuwa mtu wa maneno na biashara.

Milango mingi ilifungwa mbele yao. Mmarekani mmoja, Samuel Norris, aliwapeleka Liège, Ubelgiji, mwaka 1867 kwa mkataba uliowaahidi malipo, lakini ushirikiano huo ulivunjika na ndugu hao wakarudi Oberndorf bila utajiri waliouota. Hatimaye, Desemba 1871, Prussia iliikubali bunduki yao. Mwaka 1874 walikinunua kile kiwanda cha mfalme alimofanyia kazi baba yao.

Apigwa kumbo na nchi yake

Wilhelm alifariki mwaka 1882, na Paul akabaki peke yake. Miaka michache baadaye alipata pigo jingine. Mwaka 1888 jeshi la Ujerumani lilichagua bunduki iliyobuniwa na tume ya maafisa wake, bila kumshirikisha fundi huyo mashuhuri. Wakati huo sehemu kubwa ya hisa za kiwanda chake ilikuwa tayari mikononi mwa kampuni ya Ludwig Loewe ya Berlin.

Mwingine angekunja mkeka. Mauser aligeukia wateja wa nje: Waturuki, Wabelgiji na Wahispania. Kila agizo lilimpa nafasi ya kurekebisha kasoro moja au nyingine, hadi mwaka 1898 Ujerumani yenyewe ilipomrudia na kuichukua bunduki iliyokuja kujulikana kama Modeli 98.

Ubora wake ni kwamba aliibuni kwa kuzingatia siku ya balaa. Ukucha mrefu wa chuma ulio ubavuni mwa komeo huishika risasi mara tu inapotoka kwenye magazini, na hauiachi mpaka ganda litupwe nje. Hivyo hata mtu aliyeingiwa na hofu, akalivuta komeo nusu na kulisukuma tena, hawezi kwa urahisi kubananisha risasi mbili mlangoni mwa chemba.

Aidha, komeo hufungwa kwa meno mawili mbele, na jino la tatu liko nyuma kama akiba endapo hayo mawili yatavunjika. Ganda likipasuka, matundu maalumu huielekeza gesi mbali na uso wa mpigaji.

Hatari hiyo haikuwa hadithi kwake. Mwaka 1901 alipoteza jicho moja akijaribu bunduki ya kujipakia yenyewe.

Kutoka vitani hadi porini

Sifa hizo ndizo zilizowavutia wawindaji. Anayekabiliana na nyati aliyejeruhiwa vichakani hana nafasi ya kuzibua bunduki iliyokwama. Kampuni ya John Rigby ya London ikawa wakala wa Mauser, ikaagiza kutoka Oberndorf mioyo mirefu zaidi iliyoweza kubeba risasi kubwa za Afrika. Kutokana nayo ilizaliwa, mwaka 1911, risasi ya .416 Rigby. Bunduki hizo ziliuzwa kwa bei nafuu kuliko zile za mitutu miwili zilizopendwa na matajiri.

Eneo letu lililipa gharama yake. Mskoti W.D.M. Bell, aliyezunguka Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000 maishani mwake, wengi wao kwa bunduki ya Mauser ya milimita 7. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ilikuwa imekwisha kushuhudia wanyama wake wakipungua mno.

Wanaoitafuta Modeli 98 kuukuu hadi leo wanajua kwamba si kila moja inafaa. Zilizotengenezwa mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia zilifanywa kwa haraka. Tena, chuma chake kiligumishwa kwa nje tu. Fundi akikisugua kupita kiasi huondoa ganda hilo gumu, na meno ya komeo huanza kuchimba makalio yake kidogo kidogo kila risasi inapolipuka.

Wakosoaji wa ukucha ule nao walipata funzo. Kampuni ya Winchester ya Marekani ilikuwa imeuiga katika Modeli 70, ikauondoa mwaka 1964 ili kupunguza gharama. Wawindaji walinung'unika kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1990 ukarejeshwa.

Mauser alikuwa mbunge katika bunge la Ujerumani kuanzia 1898 hadi 1903, na mwaka 1912 mfalme wa Württemberg alimpa cheo cha ukabaila. Alifariki Mei 29, 1914, akiwa na umri wa miaka 75.

Hakuiona Vita Kuu iliyoanza miezi miwili baadaye, ambapo mamilioni ya vijana walibeba kazi ya mikono yake. Agosti mwaka huo vita vilifika Taveta, na askari wengi Waafrika waliopigania Ujerumani katika eneo hili walikuwa bado na bunduki yake ya kwanza, ile ya 1871, ambayo wingu la moshi wake liliwafichua kwa adui.

Ndiyo sababu jina lake halitajwi kwa moyo mmoja. Fundi aliyejitahidi kumlinda mpigaji dhidi ya bunduki yake mwenyewe hakuwa na kinga yoyote kwa aliyesimama mbele ya mtutu, awe mtu au tembo.